Pori la Nani

Kiwanja cha Bwana Miti hakikuwa na mti. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni wa mtaa wetu wa Ipagala, hapa Dodoma, aliambiwa, na kila aliyelisema alilisema akicheka, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya misitu tangu ujanani hadi kustaafu, na jina lake halisi wengi wetu hatukulijua. Sisi tulikuwa na miarobaini yetu, wenye maji ya uhakika walikuwa na mizabibu michache ya kujivunia, hata mimi fundi cherehani nisiye na muda nilikuwa na mpera mlangoni. Kwake palifagiliwa hadi udongo mwekundu ukalainika. Ukimtembelea mchana wa jua kali unakaa kwenye kibaraza chembamba, umekunja miguu ili isitoke nje ya kivuli cha bati, na mwenyeji wako anakueleza habari za mininga na migunga kana kwamba imewazunguka.

Alichokuwa nacho ni minyaa. Alizungushia kiwanja chote vipande vya kijani visivyo na majani, akavichomeka ardhini kimoja kimoja kwa mkono wake, vikashika na kupanda juu hadi vikasongamana. Mtaa mzima wakati ule ulikuwa unajenga kuta za tofali na kufunga mageti, kwa hiyo ua wake ukaonekana ushamba. Mwenyekiti wa mtaa alikuja akamweleza kwa upole kwamba utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho ya watoto, na kweli haikupita muda mtoto wa jirani alivunja tawi akajipaka jichoni. Bwana Miti alitoka mbio na ndoo ya maji, akamlaza mtoto mapajani, akamwosha jicho mchana kutwa bila kumpa mama yake hata nafasi ya kulia. Jioni mtoto alipofumbua jicho, mama akasema sasa mzee ing'oe hii mimea.

"Mwanao nitamwosha kila siku akitaka," akajibu. "Minyaa haing'oki."

Sasa hayupo. Nyumba imefungwa, watoto wake wako mbali na hawajakubaliana waifanye nini, na kile kiwanja kilichokuwa kinafagiliwa kimeota nyasi na vichaka. Minyaa ipo, tena imenenepa. Napita pale kila siku nikienda kwenye cherehani yangu, na nimeshangaa jinsi ninavyomkumbuka kwa uchungu, maana alikuwa mtu wa kuudhi sana.

Aliudhi kwa swali moja. Mtu akitaja pori mbele yake, iwe ni habari ya mbuzi aliyepotea au ya barabara mpya, yeye alikatiza mazungumzo na kuuliza, "Pori la nani?" Aliuliza taratibu, kwa ile sauti yake ya pwani ambayo miaka yote ya bara haikuifuta, halafu akakusubiri ujibu. Watoto waliokuwa wanapita kwenda shule walizoea kumpigia kelele wenyewe, "Shikamoo Bwana Miti, pori la nani?" Naye alijibu marahaba kwa heshima zote, asijali wala kuona anachezewa.

Tulikwenda naye Area D kwenye shughuli ya ubarikio, tumealikwa na mtumishi mmoja wa ofisini ambaye mimi nilimshonea mke wake. Nyumba ilikuwa nzuri, vigae hadi nje, na mwenye nyumba akawa anawazungusha wageni. Akasema, "Wazee wangu, tulipokuja hapa hamuwezi kuamini. Pori tupu. Nilikuja saiti na gari nikakwama, hakuna wa kunisukuma. Hapakuwa na kitu."

Nilimkanyaga Bwana Miti mguu. Hakusikia, au alisikia akapuuza.

"Pori la nani?" akauliza.

"La nani vipi, mzee? La serikali. Nilipewa kihalali, hati ninayo."

"Sijakuuliza hati. Nimekuuliza kabla ya gari lako kukwama, ng'ombe wa nani walikuwa wanapita."

Mwenye nyumba akacheka, wageni wakacheka naye, mada ikageuzwa kwa pilau. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimwambia kwamba mtu anafurahia nyumba yake, wewe unakwenda kumwekea mfupa kooni, huoni haya. Akasema anaona haya sana, lakini siyo ya Area D.

Kazi yake ya kustaafu ilikuwa neno. Wengine wakistaafu wanafuga kuku wa nyama, yeye alitafuta neno, na hakulitafuta kwenye vitabu ila kwa watu. Dodoma ilikuwa inapokea wageni kutoka kila pembe ya nchi, na kila mgeni aliyepita mbele ya kibaraza chake aliulizwa swali la pili, ambalo lilikuwa refu kuliko lile la kwanza. Kwenu, mahali ambapo watu waliishi, wakahama, nyumba ikaanguka, miti ikarudi ikafunika, mnapaitaje? Aliwauliza madereva wa bajaji na mafundi ujenzi. Alimwuliza daktari aliyekuwa anampima presha. Watu wengi walianza kwa kusema pori, akawaonya kwa kidole, wakafikiri tena, na hapo neno likatoka, mara nyingi kwa mshangao, kwa kuwa walikuwa hawajalitamka tangu kwa bibi zao.

Aliponiuliza mimi nilimjibu haraka kwamba ni mahame, ili nirudie kitambaa changu. Akakunja uso. "Hilo la kwetu pwani. Nataka la kwenu Kondoa." Nikampigia mama simu. Mama akauliza kwani nani amehama, akataka kujua kama mume wangu ana mpango ambao hajamwambia, tukapoteza salio kubwa kabla hajanitajia neno lenyewe. Nilimpelekea Bwana Miti, akalirudia mdomoni mara kadhaa kama anaonja chumvi ya mchuzi. Sitaliandika hapa, kwa sababu nina hakika nililitamka vibaya na mama yangu bado yu hai.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa tongo. Wagogo wanasema itongo, na yakiwa mengi matongo. Wasukuma nao wanalo, Wanyamwezi wanalo, na siku fundi mmoja kutoka Kigoma alipolitamka vilevile, itongo, Bwana Miti aliinuka akamshika mkono kama ndugu aliyepotea. Alisema neno lililoenea hivyo haliwezi kuwa limetungwa na kabila moja. Ni la zamani sana, lilitembea na watu wenyewe walipokuwa wanahama na kuacha nyuma makazi, na kila walipofika walilihitaji tena. Pwani tuna mahame na tuna ganjo, alisema, lakini mahame linamtazama aliyeondoka. Tongo linaitazama ardhi iliyobaki na miti iliyokuja kukaa juu yake.

Alinifundisha kulitambua, ingawa sikuwa nimemwomba. Tembe ya Kigogo ikianguka haiachi ukuta, inarudi kuwa kifusi chekundu ambacho mvua inakisawazisha. Palipokuwa na zizi, samadi ya miaka inafanya miti iwe mirefu na nyasi ziwe nzito. Utakuta jiwe la kusagia limeinama, vigae vya chungu, majivu magumu. Na utakuta minyaa, kwa sababu minyaa ndiyo iliyokuwa ua, na wenyewe wakihama hawaing'oi. Tena tongo lina mwenyewe hata kama hajaonekana kwa muda mrefu. Hukati mti wa tongo la watu, wala hulimi samadi yao, kabla ya kwenda kuwauliza walikohamia. Pori huulizi. Hiyo ndiyo tofauti, alisema, na mtu anayeliita tongo pori amewafuta watu na zizi lao na makaburi yao, kwa neno moja tu la mdomo.

Nilidhani ni uzee unaongea. Nilikuwa nashona huku nasema ndiyo, ndiyo.

Usidhani alikuwa mtu mwema wa kila siku. Wauza mkaa walimchukia. Mtu akipita na baiskeli iliyolemewa na magunia, Bwana Miti alimsimamisha katikati ya njia kana kwamba bado anavaa nembo, akachomoa kipande cha mkaa, akakigonga, akakinusa, akamwambia huu ni mkole na umekatwa ungali mbichi, huna aibu. Yule kijana alijibu matusi. Kisha, akishamaliza kumgombeza, mzee alikwenda nyuma ya baiskeli akaisukuma hadi kumaliza kile kilima cha kwenda sokoni, suruali yake ikichafuka, huku bado anagomba. Na jikoni kwake alipikia mkaa. Nilipomwuliza, alisema gesi inamwogopesha.

Alijigamba kwamba anajua mti kwa moshi wake. Jioni majiko yakiwashwa alikaa kibarazani akinyoosha pua. Kwa fulani mgunga, kwa fulani mlama. Siku moja nikamtega, nikawasha vipande vya mbao za masanduku niliyookota kwenye jengo la jirani, za mti wa nchi za watu huko. Alinusa sana, akatangaza kwamba ni mlama wa milimani, tena wa upande wa Mpwapwa. Nilipomwonyesha misumari ndani ya majivu alicheka hadi akashika ukuta, na kwa wiki nzima akawa anawasimulia watu mwenyewe jinsi alivyoaibika. Nilimpenda kwa hilo. Sijui wanaume wengi wa umri wake ambao wangesimulia.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakulisimulia mtaani, na mimi nililisikia kwa ajili ya sindano. Alikuja kibandani kwangu siku ya kawaida, mchana, mkononi ana shati lake la kazi, lile la kaki ambalo jua lilikuwa limelipausha hadi karibu kuwa jeupe. Begani bado lilikuwa na nembo.

"Nitolee hii," akasema.

"Nikitoa patabaki alama. Kitambaa kimepauka, pale chini hakijapauka."

"Patabaki tu. Toa."

Nikaanza kufumua uzi. Labda ni kwa vile nilikuwa nimeinama sikumtazama, akaanza kusema.

Alipokuwa kijana alipelekwa milima ya upande wa Kibakwe kusimamia mipaka ya msitu wa hifadhi. Watu wa pale walikuwa wamehamishiwa kijiji cha pamoja bondeni miaka mingi kabla yake, na kule walikotoka miti ilikuwa imerudi na kufunga. Ulipoitishwa mkutano, wazee walisema sehemu moja ya mlima iachwe, kwa kuwa siyo pori, ni matongo. Akauliza matongo ni nini, wakamweleza vizuri, kama alivyonieleza mimi baadaye. Akawaambia Kiswahili hakina neno hilo.

"Na nilikuwa nalo," akasema. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mahame yake nyuma ya mikorosho, tulikuwa tunakatazwa kuchezea. Neno nilikuwa nalo mfukoni."

Basi akasimama mama mmoja, mtu mzima kiasi cha kumzaa. Alisema yeye aliolewa mbali akiwa msichana, na aliporudi alikuta baba yake ameshazikwa zizini kwake na watu wote wamehamishwa, lakini anapajua. Hakuomba shamba wala kuni. Aliomba aruhusiwe kuingia mara moja kwa mwaka, amwagie baba yake pombe ya uwele na kufyeka kaburi. Bwana Miti alimwamkia kwanza, kama alivyofundishwa kwao. Shikamoo mama. Kisha akamwambia, mama yangu, hapa ni pori. Yule mama akanyoosha mkono kuonyesha mstari wa minyaa uliokuwa unaonekana katikati ya miti, akasema ule ni ua wa baba, aliupanda mwenyewe. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amesimama karibu na gari akitazama saa. Ramani ilikuwa imeshachorwa.

"Nikamwambia minyaa hujiotea, mama."

Nilisimamisha sindano.

"Haijiotei kwa mstari," akasema. "Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi nimesomea miti. Yule mama akaitazama minyaa, akanitazama mimi, akakaa chini. Nikadhani nimeshinda."

Hakunitajia sababu nyingine ya kutoa nembo, na mimi sikuitafuta. Nilimpa shati lake. Begani palikuwa na alama ya kaki iliyokoza, umbo la nembo, inaonekana vizuri kuliko nembo yenyewe ilivyokuwa ikionekana. Nikamwuliza anataka kufanya nini. Akasema anataka kwenda Kibakwe, amtafute yule mama kama yu hai, amwambie mbele ya wanawe kwamba alijua, na kwamba pale ni itongo la baba yake. Akisema hivyo na akafa kesho yake, basi. Nikamwambia nitakusindikiza.

Hapo ndipo nilipomjua kwa ubaya. Mtu aliyekuwa anawasimamisha wauza mkaa wenye mapanga aliogopa safari ya nusu siku. Mvua zikianza alisema barabara itakatika, na zikiisha akasema watu wako mashambani, hatutamkuta mtu nyumbani. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, mguu ukavimba, mwanawe wa Mwanza akawa anakuja halafu hakuja. Nami kila safari nilikuwa na sare za shule za kushona au maharusi. Kila alipoahirisha aliongeza juhudi kwa wapita njia, kwenu mnapaitaje, kwenu mnapaitaje, kana kwamba akikusanya neno hilo kwa makabila yote ya nchi atakuwa amelipa. Siku moja nilikasirika nikamwambia wazi kwamba yule mama haishi Mwanza wala Kigoma. Alininunia, na mimi nikaona potelea mbali.

Kilichomwondoa nyumbani ni kifo cha mtu mwingine, mzee mwenzake wa msikitini, aliyekuwa akikaa naye. Tulipotoka makaburini alinijia akaniambia, "Mwanangu, twende keshokutwa." Nikaacha vitambaa vya watu mezani tukakodi gari.

Dereva alikuwa kijana mchangamfu, mzaliwa wa Singida, na kabla hatujaimaliza lami alikuwa ameshaulizwa maswali yote mawili. Bwana Miti alivaa lile shati. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, kiangazi cha mwanzo, mahindi yameshavunwa na mabua yamesimama mashambani. Tulipoanza kupanda milima akavua kofia akaipakata. Kibakwe tuliuliza kwa watu wa makamo sokoni, tukaelekezwa kwenye nyumba ya bati mwisho wa kijiji, ambapo mama mmoja wa umri unaokaribia sitini alikuwa anaanika mlenda kwenye mkeka.

"Mbukwenyi," akatusalimu, kisha akatugeuzia Kiswahili. "Karibuni. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Alimtazama usoni kidogo, kisha macho yake yakashuka begani, kwenye ile alama ya nembo isiyokuwapo, yakakaa pale. Akaenda ndani akatuletea viti na maji. Alikuwa binti wa yule mama. Mama mwenyewe alikuwa ameshafariki, siyo zamani sana, mvua chache tu zilizopita. Niliposikia hivyo nilitaka kulia kwa hasira, nikifikiria zile sare za shule na ule mguu uliovimba.

Bwana Miti hakukaa. Alisema maneno yake akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeyakariri. Alisema yeye ndiye aliyekuja na gari la misitu. Akasema kwamba ile minyaa haikujiotea, ilipandwa na babu yenu, na mimi nilijua siku ileile. Pale siyo pori. Pale ni itongo lenu, na nimekuja kulisema mbele yako kwa kuwa nilimdanganya mama yako mbele za watu.

Yule mama aligeuza mlenda wake juani. Hakuonekana kukasirika.

"Sisi tunajua, baba," akasema. "Kaka zangu wanaingia siku zote. Walinzi ni watoto wa hapa hapa, wanageuka pembeni. Kaburi la babu linafyekwa kila mwaka. Hukutuzuia kitu."

Niliona mabega ya mzee yakishuka, nikadhani ni mzigo umetua. Nami nikapumua. Nikaanza hata kufikiri kwamba tutawahi kurudi kabla ya jua kuzama.

"Mama ndiye hakuingia," akaendelea.

"Aliogopa?"

"Hapana. Alikuamini." Aliinuka akajifuta mikono kwenye kanga. "Alirudi kutoka mkutanoni akatuambia, nimepotea mimi. Nilikaa sana kwa wakwe, miti imeota, nimesahau kwetu. Tukamwambia mama, ni pale pale, kaka amekuta mpaka jiwe la kusagia. Akasema yule kijana ameniamkia vizuri, ameniita mama, hawezi kunidanganya. Tena yeye amesomea miti. Kama minyaa ile imejiotea basi kwetu ni pengine. Akaanza kutafuta."

"Kutafuta wapi?" akauliza Bwana Miti, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Njooni."

Tulimfuata kwa njia ya mbuzi hadi mgongo wa pili wa kilima, mbali na msitu, mahali pa mawe na vichaka vifupi ambapo mtu mwenye ng'ombe asingejenga, maana hata maji hapana. Pale palikuwa na ua wa minyaa. Ulikuwa mrefu kunizidi, umezunguka vizuri, na mlango wake umeachwa upande wa magharibi. Ndani palifyekwa. Binti akasema mama yao alipaona pamefanana na kwao, akachukua vipande vya minyaa kichwani akapanda peke yake, kwa sababu wanawe wa kiume walikataa kumsaidia kupanda ua wa mtu ambaye hakuwahi kukaa pale. Kila mwaka alileta pombe ya uwele akammwagia baba yake. Wanawe walimwacha. Ungemwambia nini, alisema, na yeye alikuwa ameridhika.

"Alipougua akasema azikwe kwa baba yake," akasema. "Tukamzika hapa. Tungemzika kule msituni angeona tumemtupa."

Kaburi lilikuwa katikati ya ua, mawe yamepangwa kulizunguka. Baba yake alikuwa amelala upande mwingine wa mlima, ndani ya msitu, peke yake. Kwa miguu siyo mbali.

Nilimjua Bwana Miti kwa salamu. Makaburini alikuwa wa kwanza kuwasalimia waliolala, kwa sauti, hata wasiokuwa ndugu zake. Pale alifika karibu na mawe akafungua mdomo, nikaona kabisa kwamba ile shikamoo imefika ulimini. Akafunga mdomo. Akapiga magoti kwa shida akaanza kung'oa magugu ambayo hayakuwapo, vijiti tu vya nyasi kavu, akivikusanya kiganjani. Binti alimtazama, kisha akapiga magoti upande wa pili akamsaidia. Nami nilisimama kwenye mlango wa ua nikaona aibu ya mtu mwingine kana kwamba ni yangu, nikatamani tungechelewa kabisa, tusije. Mzee angekufa akidhani amewazuia watu mlango. Hilo lingekuwa jepesi kwake kuliko alichokikuta.

Tulipoaga, yule mama alimfungia mlenda mkavu kwenye gazeti akampa kwa mikono miwili. Alikubali. Alisema ahsante, mama, na hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake siku hiyo.

Jua lilikuwa limeelemea tulipoanza kushuka. Dereva alikuwa amelala vizuri akitusubiri, kwa hiyo alikuwa na maneno mengi. Alitusimulia habari za bei ya mafuta, za shemeji yake, na tulipopita ule upande ambapo msitu unakuja hadi karibu na barabara akanyoosha mkono nje ya dirisha.

"Huku wenzetu wana ardhi," akasema. "Pori tu kote huku, hakuna hata mtu."

Nikageuka kumtazama Bwana Miti. Alikuwa amekaa na kile kifurushi cha mlenda mapajani, macho yake kwenye miti inayopita, na mle ndani, baina ya mashina, mstari wa minyaa ulionekana kidogo kisha ukapotea. Aliuona. Nilisubiri. Dereva akabadilisha gia, akaanza kutafuta stesheni ya redio.

Basi nikauliza mimi.